Kitabu cha Poka Chini ya Mguu wa Kabati

Mpaka leo wapo watu Temeke wanaosema Apolonia alitumia dawa. Wengine wanasema ni mimi niliyemtafutia, kwa kuwa mimi ni Mzaramo, na Wazaramo machoni pao tunalala na hirizi. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, anayetaka asome. Hapakuwa na dawa. Palikuwa na kitabu, palikuwa na maharage, na palikuwa na mwanamke aliyekaa na hasira miezi sita bila kupandisha sauti.

Apolonia alikuja Temeke mwaka hamsini na moja, akafikia zile nyumba za serikali, mlango wake ukitazamana na wangu. Mumewe, Polikarpo, alikuwa karani wa ofisi moja mjini. Wangu, Fakihi, alikuwa karani bandarini. Siku ya kwanza nilipokwenda kumsalimia alinipa kiti badala ya mkeka, akanimiminia chai kwenye kikombe chenye kisahani, nami nikasema moyoni, haya, Wahaya ndio hawa, maringo mpaka kwenye chai. Nilikaa kwenye kile kiti kama niliyeitwa shaurini. Alipoona hivyo akaketi chini yeye mwenyewe, akacheka, na tangu siku ile tukawa mashoga.

Kwao Bukoba alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya masista. Alifundisha miaka mitatu. Alipoolewa wakamwambia arudishe chaki, mwalimu mwenye mume kazi yake ni mume. Hakubishana nao. Alichukua mshahara wake wa mwisho, akauchanganya na akiba yake, akanunua cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Ilivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, ikapanda treni, ikafika Dar es Salaam kabla hata kitanda chao hakijafika. Aliniambia, "Hii ndiyo mahari niliyojitolea mwenyewe." Kwa cherehani ile alishona sare za nusu ya watoto wa Temeke, na ndiyo iliyomfanya asijione mtu wa kuletewa tu.

Sasa nimtaje Leodegar. Alikuwa mtu wa Songea, mkubwa wa Polikarpo kazini, akikaa Kinondoni peke yake kwa sababu mkewe alibaki nyumbani. Wakati wa vita alikwenda Burma, akarudi na vitu viwili: saa ya mkononi iliyong'aa, na mchezo wa karata uitwao poka. Watu wote walimwita Sajini, naye alipenda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kazi ikiisha saa sita, yeye, Polikarpo na Fakihi wangu walikutana kucheza, mara kwake, mara kwetu, mara kwa Polikarpo. Mezani waliweka maharage badala ya fedha. Askari akipita, wanaume watatu wanachambua maharage ya jioni, kuna kosa gani? Hesabu yenyewe walilipana baadaye.

Mwezi wa pili mwaka hamsini na nne walicheza Kinondoni. Polikarpo alishika karata alizoziona nzuri, maharage yakamwishia, akaomba akopeshwe. Sajini akasema, "Hapa hakuna kukopeshana. Weka kitu." Fakihi ndiye aliyenisimulia haya, macho yakitazama chini. Polikarpo akaweka cherehani ya mkewe. Ikaenda.

Jumatatu asubuhi alikuja mchukuzi na mkokoteni, mkononi ana karatasi yenye mwandiko wa Polikarpo: Mpe mchukuzi cherehani. Nitaeleza. Apolonia alikuwa na gauni ishirini na mbili za komunyo ya kwanza, zimekatwa, hazijashonwa. Aliisoma ile karatasi mara mbili. Akaitoa sindano kwenye cherehani, akaitoa na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akaviweka kwenye kopo, ndipo akamwacha mchukuzi aibebe.

Nilimwambia, nikimwita kwa jina la bintiye, "Piga kelele, Mama Jovina. Mie ningekuwa nimeshavunja sahani zote."

"Sahani ni zangu pia," akasema.

Jioni Polikarpo aliporudi, nilisikia kila kitu, kuta za nyumba zile hazikuwa na siri. Alisema cherehani ni mali ya nyumba, na nyumba ni yake. Alisema ataikomboa. Hakuikomboa, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuahidi. Gauni ishirini na mbili Apolonia alizishona kwa mkono, mpaka kidole chake cha shahada kikawa kigumu kama ngozi ya kiatu. Majirani walimwambia avumilie. Padre alimwambia asamehe. Mimi nilikuwa na hasira na wote, na zaidi na Fakihi, aliyekaa pale akatazama.

Kitabu kilikuwa chini ya kabati. Polikarpo alikuwa amenunua sanduku la vitabu kwenye mnada wa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na humo ndani mlikuwa na kitabu kinene cha kufundisha poka. Alikisoma mpaka ukurasa wa tisa, akajiona amehitimu. Kabati lao lilikuwa na mguu mfupi, basi kitabu kikapewa kazi hiyo. Siku moja Apolonia aliniita tuinue kabati. Tukaweka tofali, tukatoa kitabu. Kilikuwa na alama ya mguu wa kabati kwenye jalada, kimebonyea.

Aliketi na kamusi yake ya shuleni, akasoma ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu. Kisha akacheka, mara ya kwanza kwa majuma mawili.

"Kinasemaje?" nikauliza.

"Kinasema mikono mingi si ya kucheza. Ni ya kutupa."

Alinifundisha jinsi ilivyo. Kila mtu anapewa karata tano, ndizo zinazoitwa mkono. Unaweka maharage. Asiyependa zake anazitupa na kukaa pembeni. Waliobaki wanabadilisha zile wasizozitaka, wanaweka maharage tena, na asiyetaka kulipa anatoka. Akibaki mmoja peke yake anachukua yote, bila kufungua karata zake. Hapo nilishika kichwa. Mimi nimekulia barazani kwa baba yangu, mchezo wetu ni wahedi wa sitini, wawili kwa wawili. Karata unaipiga mkekani kila mtu aione, na mwenzako mnaongea kwa macho, kwa midomo, kwa nyusi. Karata iliyofichwa mpaka mwisho kwetu ni wizi.

"Anachukua bila kufungua?" nikamwuliza. "Na watu wanamtazama tu?"

"Hukulipia kuziona, huzioni. Kitabu ndivyo kinavyosema."

Basi tukaanza. Asubuhi wanaume wakienda kazini, Apolonia anamaliza kufua, anatandika mkeka, anatoa karata za Polikarpo kwenye droo. Kitabu kilisema kwamba ukigawiwa karata tano, karibu nusu ya mara hutapata hata mbili zinazofanana. Hakukiamini. Aligawa mara mia mbili, kila mara akichora alama ya chaki nyuma ya mlango, kisha akahesabu. Kitabu kilikuwa sahihi. "Sasa ninaweza kukisikiliza," akasema. Mwalimu hafi ndani ya mtu.

Mimi nilicheza kama wanaume wote watatu. Nilikaa mahali pa Fakihi nikafanya sura ya Fakihi, nikahama nikawa Sajini. Na hapo ndipo nilipokuwa mwalimu mimi pia, kwa sababu kitabu kiliandikwa na mtu asiyewajua watu wa pwani. Fakihi amezoea kumkonyeza mwenzake tangu utotoni. Hata katika mchezo usio na mwenza, akipata karata nzuri nyusi zinapanda zenyewe. Polikarpo akiwa na kitu hunyamaza, asipokuwa na kitu husimulia habari za ofisini. Sajini alinishinda. Uso wake ulikuwa mkavu. Walipocheza kwetu mwezi wa nne nilikaa jikoni mlango wazi, nikikaanga vitumbua huku namwangalia yeye tu. Ilikuwa saa. Karata zikimpendeza, kidole gumba kinakwenda kwenye saa na kuipangusa kioo.

Nilipomwambia Apolonia, aliandika pembeni ya ukurasa kwa penseli.

Jambo moja lilimsumbua. Sura nzima ya kitabu ilieleza jinsi ya kumtisha mwenzako ukiwa huna kitu mkononi. Apolonia alikuwa binti wa katekista. Temeke nzima ilijua kwamba hasemi uongo. Ukimwuliza kama gauni limekupendeza, atakwambia halijakupendeza. Akaenda kuungama kabla ya kutenda. Padre alimsikiliza, akamwuliza kama katika mchezo huo atasema neno lolote lisilo la kweli. Akajibu, sitasema neno kabisa, nitasukuma maharage tu. Padre akamwuliza anachezea nini. Akasema, cherehani yangu. Padre akampa salamu Maria kumi, na akamwambia azisali mapema.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane zamu ilikuwa ya nyumba ya Polikarpo. Siku tatu kabla, Apolonia alimtumia Sajini barua kwa mkono wa Fakihi. Iliandikwa kwa heshima. Alisema anazo shilingi sitini na sita za gauni za komunyo. Atanunua maharage kama wao, atakaa mezani kama wao. Sajini aje na cherehani, na ipangiwe thamani ya maharage mia. Akishindwa, fedha ziende na hatalitaja tena jambo la cherehani maisha yake yote.

Polikarpo aliposikia alikasirika. "Watu watasema nini? Mke wangu anacheza karata na wanaume?"

"Wameshasema," Apolonia akajibu. "Ulipoitoa cherehani yangu walisema wiki tatu. Hukuuliza."

Sajini alicheka, lakini alikuja. Cherehani ilikuwa imekaa kwake miezi sita haijakanyagwa, imefunikwa kitambaa na juu yake pana chombo cha maua ya karatasi. Mchukuzi aliiweka chini ya dirisha. Nilimwona Apolonia akiitazama mara moja tu, kisha akageuka kugawa vikombe.

Wakaanza saa nane. Mimi nilikaa mkekani, jiko la mkaa mbele yangu, birika la kahawa juu. Kila mmoja na maharage yake mia. Apolonia akapewa karata, akazitazama, akatupa. Akapewa tena, akatupa. Akatupa mara saba mfululizo. Fakihi akaanza kumtania. "Shemeji, karata hizi hazinuki, mbona unazitupa kama samaki wa juzi?" Alitabasamu, akatupa ya nane. Aliposhika za kuchezwa alizicheza, akachukua kidogo, akarudi kutupa. Nyusi za Fakihi zikipanda, anatupa. Polikarpo akianza habari za ofisini, anabaki, na anamchukulia. Ilipofika saa kumi na moja alikuwa na maharage mia na hamsini na kitu, na Sajini alikuwa amechoka. Mwanaume aliyezoea kushinda kwa kelele hawezi kukaa saa tatu na mtu asiyemjibu.

Wakagawiwa. Fakihi akatupa. Polikarpo akatupa. Sajini akazitazama zake, na kidole gumba kikaenda kwenye saa. Niliona. Nikakohoa, ingawa hapakuwa na haja, Apolonia alikuwa ameshaona.

"Mama Jovina," Sajini akasema, "toka saa nane unatupa tu. Mie sikuja hapa kupoteza Jumamosi yangu. Cherehani ile pale. Naiweka. Utatupa tena?"

Apolonia alizitazama karata zake mara moja, akazilaza kifudifudi. Akahesabu maharage mia kumi kumi, kama anavyohesabu vifungo, akayasukuma katikati.

Wakafika kwenye kubadilisha. Sajini akatupa mbili, akachukua mbili. Hata mimi nisiyesoma kitabu nilijua maana yake: ameshika tatu zinazofanana.

"Wewe ngapi?" Polikarpo akamwuliza mkewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anagawa.

"Sibadilishi."

Mtu aliyetupa mchana kutwa, sasa anashika zote tano na hataki kubadilisha hata moja. Mtu kama huyo amegawiwa mkono uliokamilika, unaoshinda hata tatu zinazofanana. Sajini akagonga meza kwa kidole, kuonyesha kwamba haongezi. Apolonia akasukuma maharage yake yote yaliyobaki, hamsini na nne, kwa mikono miwili.

Sajini akahesabu yake. Arobaini. "Fakihi, niazime kumi na nne."

"Hapa hakuna kukopeshana," Apolonia akasema taratibu. "Sheria uliiweka mwenyewe, Sajini. Weka kitu. Weka saa."

Nitaikumbuka sura ile mpaka nizikwe. Akaishika saa kwa mkono mzima, si kidole tena. Akamtazama Apolonia usoni, akamtazama mikononi. Mikono ilikuwa imelala mezani, na kile kidole chake kigumu juu ya karata.

"Mama Jovina, unazo kweli?"

Apolonia hakujibu.

Akamgeukia Polikarpo. "Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Mkeo anadanganya?"

Na Polikarpo, mume yule wa kuahidi, ambaye mchana kutwa alikuwa ameona haya kukaa meza moja na mkewe, akasema kwa moyo safi kabisa, "Apolonia? Tangu nimuoe hajawahi kunidanganya hata siku moja."

Sajini akashusha pumzi. Akazifungua zake mezani ili watu waone uchungu wake: wafalme watatu, wale tunaowaita sisi wazungu wa nne. "Zichukue," akasema. "Chukua yote. Mie saa yangu siiweki mbele ya mwanamke wa kanisani." Kisha akanyoosha mkono. "Haya, fungua tuone."

"Fungua, shemeji," Fakihi akasema.

"Fungua basi," Polikarpo akasema.

Ndivyo ilivyo kwetu sote. Mchezo ukiisha, karata zinafunguliwa, watu wanacheka, mambo yamekwisha. Apolonia akazikusanya zile tano, akazinyoosha kingo zikae sawa, akaegemea upande wangu, akaniinulia birika kwa mkono mmoja na kwa mwingine akazitia kwenye mkaa. Zilijikunja, zikawaka.

"Hukulipia kuziona, Sajini," akasema. "Anayetaka kahawa alete kikombe."

Polikarpo alisimama. "Hizo ni karata zangu!"

"Na ile ni cherehani yangu," akasema, na mara hii sauti ilipanda, miezi sita ikatoka kwa pamoja. "Uliitoa bila kuniuliza, nimeirudisha bila kukuuliza. Ukitaka kucheza tena nyumbani humu, utacheza na karata pungufu." Nililia pale pale, moshi wa karata ukanisaidia kusingizia.

Sajini akakusanya karata zilizobaki, akazitia mfukoni. Alisema atakwenda kuzihesabu. Kweli, mtu mwenye hesabu akizipanga arobaini na saba atajua zipi tano hazipo.

Jumamosi iliyofuata alikuja peke yake, mchana. Apolonia alikuwa kwenye cherehani, mimi namshikia pindo. Sajini akaweka karata zile mezani, zimefungwa uzi. Akasimama.

"Nimehesabu," akasema.

"Karibu ukae."

"Hukuwa na kitu, Mama Jovina. Hukuwa na hata mbili zinazofanana. Kubwa kuliko zote ilikuwa tisa. Mie nimetupa wafalme watatu mbele ya tisa."

Cherehani haikusimama. "Nilikuwa na kitu," Apolonia akasema. "Kilikuwa chini ya dirisha. Toka saa nane sikungoja karata nzuri, nilingoja ukiweke mezani."

Hapo Sajini akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa majivuno kama yeye. Aliomba aazimwe kitabu. Apolonia akanyoosha mkono juu ya kabati, akampa bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na kurasa za kitabu, zimekatwa kwa mkasi: hii umbo la kola, hii mfuko wa shati, hii nusu ya kwapa, na maandishi ya poka yanapita juu yake yamekatika katikati ya maneno. Karatasi yake ilikuwa nzito, inafaa sana kwa vielelezo vya kukatia nguo.

"Nimeshakisoma," akasema. "Nisingeweza kukirudisha chini ya kabati."

Sajini alizitazama zile kurasa, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepigwa. Apolonia akatoa futi ya kupimia shingoni mwake, akamzunguka, akampima mabega bila kuuliza. Shati la mikono mirefu, akamwambia, shilingi tatu, taslimu, na hapa pia hakuna kukopeshana. Alipofika mkononi akasimama.

"Vua saa, Sajini, nipime vizuri."

Akaivua, akaiweka juu ya cherehani.